Madoa ya Majani: Ugonjwa wa Okidi na Tiba Yake

Mwaka mmoja, mwishoni mwa masika, upepo mkali ulivunja tawi la mti mkubwa uliosimama mpakani mwa shamba la mzee mmoja, si mbali na Lushoto mjini. Asubuhi yake mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alilikuta tawi lile limelala matopeni. Juu yake palikuwa na mmea mdogo wenye majani manene ya kijani, na mizizi myeupe iliyoshika gome kama vidole vya mtoto vishikavyo nguo ya mama yake. Akaja nao shuleni, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Babu asema mmea huu utakufa tukiuacha chini. Je, hatuwezi kuupatia mahali?”

Tuliufunga kwa kamba laini juu ya kipande cha mti, tukautundika barazani mwa darasa. Wanafunzi waliupenda mno, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokaribia kuuangamiza. Kila jioni, kabla ya kwenda kwao, mmoja baada ya mwingine aliumwagia maji. Baada ya majuma mawili tuliona doa la manjano chini ya jani moja. Mimi niliangalia kwa haraka, nikasema, “Ni jua tu,” nikauhamishia pembeni penye giza. Nilikosa. Juma moja lililofuata madoa yalikuwa matatu, nayo yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia.

Nimeandika habari hii ili wewe msomaji usikose kama nilivyokosa mimi. Maana atibuye kabla ya kutambua ni kama mtu atupaye jiwe gizani.

1. Mmea ukaao juu ya mti

Mmea ule ulikuwa wa jamii ya okidi. Jamii hii ni kubwa sana duniani. Aina zake zapita 25,000. Katika misitu ya Usambara, ya Mashariki kule Amani na ya Magharibi huku Lushoto, Magamba na Mazumbai, okidi nyingi huota juu ya matawi ya miti mikubwa. Watu wengine hudhani kwamba hunyonya utomvu wa mti kama kupe anyonyavyo damu ya ng’ombe. Sivyo. Okidi imepanga tu kwenye mti. Haili chakula cha mwenye nyumba. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe kama sifongo, nalo hunyonya maji ya mvua na umande, pamoja na chakula kidogo kitokacho katika vumbi na majani yaliyooza juu ya gome.

Yafaa kukumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo litufundishalo jinsi ya kuitunza. Mmea ukaao juu ya tawi hulowa mvua inyeshapo, kisha upepo huja ukaukausha. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka: hayo ndiyo maisha yake. Ukiulowesha kila jioni mahali pasipo upepo, umeutoa katika maisha yake na kuutia katika maisha ya adui yake.

2. Ukungu wa anga na ukungu wa jani

Adui huyo ni nani? Lugha yetu imempa jina lenye maana mbili. Asubuhi, wingu jeupe likishuka mabondeni hata usiione nyumba ya jirani, twasema, “Leo kuna ukungu.” Na mkate uliosahauliwa kabatini ukiota manyoya ya kijani, twasema pia, “Umeota ukungu.” Vitu hivi viwili si kimoja, lakini ni marafiki: penye ukungu wa anga, ukungu wa jani hustawi.

Ukungu wa jani ni kiumbe hai. Hauna majani wala maua, wala hauwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea ifanyavyo. Kwa hiyo hutafuta chakula katika miili ya vingine. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi la unga. Jicho haliwezi kuiona moja peke yake. Upepo huzichukua, matone ya mvua huzirusha kutoka jani hata jani, na mkono wa mtu nao huzipeleka bila mwenyewe kujua.

Mbegu ya ukungu ikianguka juu ya jani kavu, mara nyingi haipati nafasi. Bali ikianguka juu ya jani lenye maji, na maji hayo yakakaa saa nyingi, huota kama mbegu ya mhindi iotavyo katika udongo. Hutoa uzi mwembamba, na uzi huo huingia ndani ya jani, ama kwa kutoboa ngozi yake, ama kwa kupita katika matundu madogo ambayo jani huyatumia kupumulia. Huko ndani hutandaa na kuua nyama ya jani. Sehemu iliyokufa ndiyo tuionayo kwa nje, nasi twaiita doa.

Sasa waona kosa letu la kumwagia maji jioni. Maji ya asubuhi hukauka kabla ya adhuhuri. Maji ya jioni hulala na jani usiku kucha, na usiku wa Lushoto ni wa baridi na mrefu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Si kila ukungu ni adui. Mbegu za okidi zenyewe ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula ndani yake kama mbegu ya haragwe. Mwaka 1899 kijana Mfaransa aitwaye Noël Bernard aligundua kwamba mbegu hizo msituni haziwezi kukua mpaka ukungu fulani uingie ndani yake na kuzilisha. Basi ukungu mmoja ni mlezi wa okidi, na mwingine ni mwuaji wake. Kama ilivyo kwa watu, jina la ukoo halitoshi kumjua mtu. Sharti uangalie matendo.

3. Kutambua kabla ya kutibu

Ili kulitambua doa, tumia vitu vinne ulivyo navyo tayari: macho, kidole, pua na kalamu.

Kwa macho, angalia jani juu na chini, kisha liinue mbele ya nuru. Kwa kidole, bonyeza doa polepole ujue kama ni kavu au laini. Kwa pua, nusa. Na kwa kalamu, chora duara kulizunguka doa, ukaandike tarehe kwenye kijikaratasi kilichofungwa karibu. Baada ya siku tatu rudi uangalie. Doa likiwa limebaki ndani ya duara lake, huenda si ugonjwa uenezao, nawe waweza kungoja. Doa likiwa limevuka mpaka, ugonjwa wasafiri, nawe huna siku za kupoteza. Kama mimi ningalichora duara siku ile ya kwanza, nisingalisema ni jua.

Hizi ndizo aina tano za madoa, pamoja na dalili zake.

Doa la jua. Hutokea upande wa jani uelekeao jua, mahali palipopigwa na mwanga mkali wa mchana. Kwanza huwa jeupe au la manjano, kisha hukauka na kuwa jeusi au la kahawia. Halisambai wala halina harufu. Jani likiguswa adhuhuri huwa la moto. Dawa yake ni kivuli tu.

Doa la maji baridi. Milima yetu yajulikana ulimwenguni kwa ua dogo la zambarau liotalo katika miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa na kazi ya utawala huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huo, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Leo maua hayo yako madirishani mwa watu wa nchi nyingi. Wenye kuyatunza wajua kwamba tone la maji baridi likianguka juu ya jani lake lenye joto, huacha alama nyeupe au ya manjano kama pete. Huo si ugonjwa. Ni jeraha la baridi. Alama haiondoki, lakini pia haiambukizi.

Doa la ukungu. Mara nyingi huanza kama alama ndogo ya manjano chini ya jani, ndipo huonekana na juu. Baadaye hubonyea kidogo, likawa la kahawia, la zambarau iliyoiva, au jeusi. Pembeni mwake huwa na ukingo wa manjano. Likiguswa ni kavu. Aina nyingine huanza nchani mwa jani na kushuka, ikiacha mistari ya duara ndani ya duara, kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe, na ndani yake vidoa vidogo vyeusi. Vidoa hivyo ndivyo ghala za mbegu za ukungu. Ugonjwa huu huenda kwa siku na majuma, si kwa saa.

Doa la bakteria. Hili ni la kuogopwa zaidi. Huanza kama lengelenge, nalo hung’aa kama jani lililolowa mafuta. Likibonyezwa ni laini, na pengine hutoka maji ya rangi ya kahawia. Aina nyingine hunuka vibaya. Hukua upesi, jani lililokuwa zima asubuhi ya Jumatatu laweza kuwa limeoza hata shina siku ya Jumatano. Likifika katika moyo wa mmea, mahali yatokeapo majani mapya, mara nyingi mmea hufa.

Alama za virusi. Hazifanani na doa moja, bali ni mistari, pete au mabaka ya rangi hafifu na rangi nzito yaliyochanganyika katika jani zima. Huonekana hata katika majani mapya. Virusi huchukuliwa na wadudu wanyonyao utomvu, na hasa kwa kisu kilichokata mmea mgonjwa kisha kikakata mzima. Ugonjwa huu hauna dawa. Mmea wenye alama hizi huchomwa moto ili mingine ipone.

Usisahau neno moja la mwisho. Jani la chini kabisa likigeuka manjano polepole lote pamoja, kisha likaanguka, huo ni uzee tu. Kila jani lina siku zake.

4. Jinsi ya kutibu

Tulipokwisha kutambua kwamba mmea wetu una doa la ukungu, tulifanya kazi hii kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, tuliutenga. Mmea mgonjwa hauwekwi pamoja na mizima, na baada ya kuushika yakupasa kunawa mikono kwa sabuni.

Pili, tuliacha kumwagia maji juu ya majani. Tuliutundika mahali penye kivuli chepesi na upepo, siyo katika giza nililoutia mimi. Kwa mmea wenye doa la ukungu, hewa ipitayo ni nusu ya dawa.

Tatu, tulikata sehemu iliyougua. Mwalimu ndiye aliyeshika wembe. Wembe hupitishwa kwanza katika ndimi za moto mpaka uwe mwekundu, kisha huachwa upoe. Usikate kandokando ya doa tu, kwa kuwa nyuzi za ukungu zimekwisha kutangulia mbele ya doa lionekanalo, kama mizizi ya magugu ipitayo chini ya ua. Kata katika nyama nzima, upana wa kidole nje ya doa. Kabla ya kukata jani jingine, wembe hurudishwa motoni. Watu wengi huchoka wakaiacha kazi hii, na hapo wembe wao hugeuka kuwa mpanzi wa ugonjwa.

Nne, tulipaka unga wa mdalasini juu ya kidonda. Mdalasini uleule utiwao katika chai, utokao Zanzibar na mahali pengine, hukausha kidonda na kuzuia ukungu. Lakini angalia: tia kwenye kidonda cha jani tu, usitie mizizini. Kwa sababu hiyohiyo ya kukausha, waweza kuidhuru mizizi.

Tano, vipande vilivyokatwa tulivichoma moto. Usivitupe chini ya mti wala katika shimo la mboji lililo karibu. Doa likiwa juu ya jani lililokufa laweza kuendelea kutoa mbegu zake.

Kama doa ni la bakteria, kazi ni hiyohiyo, ila hufanywa siku hiyohiyo bila kungoja, na mmea huachwa ukauke siku kadhaa. Dawa nyingi za ukungu hazina nguvu juu ya bakteria. Kwa hiyo atumiaye dawa bila kutambua ugonjwa hupoteza fedha yake, na mmea pia.

Wanafunzi waliniuliza, “Mwalimu, alama iliyobaki itapona lini?” Niliwajibu kwamba haitapona kamwe. Ngozi ya mtu ikikatwa hujiunga, bali nyama ya jani ikifa haifufuki. Basi usitazame jani la zamani ukisema, “Dawa haikufaa, alama ingali pale.” Litazame jani jipya. Likitoka safi, umeshinda.

5. Dawa ya mrututu

Ugonjwa ukizidi nguvu za wembe, wakulima hutumia dawa, na mojawapo ya zile kongwe ni mrututu. Mrututu ni chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati.

Habari ya kugunduliwa kwake yachekesha kidogo. Kule Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, wakulima wa zabibu walisumbuliwa na wapita njia waliochuma matunda yao. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakainyunyizia mizabibu iliyo kando ya barabara, ili mwizi aone rangi ile adhani ni sumu. Mwaka 1882, ukungu uliotoka Marekani ulipokuwa ukiangusha majani ya mizabibu, mtaalamu Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona jambo la ajabu: mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani yake, na ile ya ndani ilikuwa mitupu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akautangazia ulimwengu mchanganyiko huo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wezi ikawa dawa ya ukungu.

Kipimo kijulikanacho ni kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa katika lita 100 za maji. Hauchanganywi katika chombo cha chuma, maana mrututu hula chuma. Hutumiwa siku uleule unapochanganywa. Tena fahamu kwamba dawa hii ni kinga kuliko tiba: hukaa juu ya jani na kuua mbegu ya ukungu iotapo, lakini haiwezi kuufuata ukungu uliokwisha kuingia ndani.

Kwa okidi yataka tahadhari zaidi. Shaba huunguza maua yake, na okidi za aina nyingine haziivumilii kabisa. Jaribu kwanza katika jani moja, ungoje juma moja. Usinyunyize wakati wa baridi na unyevu mwingi, kwa maana hapo ndipo iunguzapo zaidi. Na kwa dawa yoyote, mrututu au nyingine ya dukani, kazi ni ya mtu mzima: afunike pua na mdomo, avae mipira mikononi, asimame upande utokako upepo, wala asioshe vyombo mtoni. Shaba huua samaki. Mtoto na atazame kwa mbali, ajifunze.

6. Faida ya kujua

Labda msomaji atasema, “Okidi hailiwi. Kwa nini tusumbuke hivi kwa ajili ya ua?” Sikiliza basi.

Vuli iliyofuata, mwanafunzi yule aliyeleta okidi alikwenda shambani na mama yake asubuhi na mapema. Walikuwa wamepanda viazi vya mviringo, navyo ndivyo vilivyokuwa tegemeo la nyumba yao. Ukungu wa anga ulikuwa umelala bondeni siku nne. Kijana aliona pembeni mwa majani machache doa la rangi ya kahawia iliyolowa. Mwaka uliotangulia angalipita tu. Safari hii aligeuza jani, akaona chini yake, kulizunguka doa, manyoya meupe membamba kama pumzi juu ya kioo. Akamwambia mama yake, “Mama, hili ni la ukungu, na litasambaa.” Walimwendea bwana shamba siku hiyohiyo. Aliwaamuru waing’oe miche iliyougua na kuichoma, akawaelekeza dawa ya kunyunyizia ile iliyobaki. Upande wa shamba ulio karibu na mto ulipotea. Upande wa juu ulipona, nao ndio uliowalisha mpaka masika.

Ugonjwa huo wa viazi ndio ulioingia Ireland mwaka 1845. Watu wa kule walitegemea kiazi kuliko chakula kingine chochote, na katika miaka ya njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni 1, na wengine wengi wakahama nchi yao. Wakati ule wataalamu wengi walidhani kwamba ukungu ule ni tokeo la kuoza, siyo chanzo chake. Hawakutambua, kwa hiyo hawakuweza kutibu.

Kahawa nayo ina habari yake. Mwaka 1869, katika kisiwa cha Ceylon kiitwacho leo Sri Lanka, wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza ugonjwa wa kutu: madoa ya manjano yenye vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani la mbuni. Mwingereza Harry Marshall Ward alikaa kule tangu mwaka 1880 hata 1882 akiuchunguza. Alionyesha kwamba vumbi lile ni mbegu za ukungu, na kwamba mashamba makubwa yaliyopandwa mibuni mitupu yaliupa ugonjwa njia pana ya kupita. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutawala. Wakulima waliing’oa mibuni, wakapanda chai. Kutu hiyo ilikuwako na Afrika Mashariki. Wajerumani waliokata misitu ya Usambara ya Mashariki katika miaka ya 1890 ili kupanda kahawa hawakupata mavuno waliyoyatarajia, na kutu ilikuwa mmoja wa adui zao. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea huko Amani. Hata leo, apitaye katika milima hiyo huona chai imetanda mahali ambapo kahawa ilishindwa.

Waona basi kwamba doa moja juu ya jani si jambo dogo. Na anayezoea kulitambua katika ua atalitambua katika kiazi, katika haragwe na katika kahawa.

7. Kinga

Wahenga walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Shika mambo haya machache.

Mwagia maji asubuhi, siyo jioni. Nayo yaelekee mizizini, siyo juu ya majani wala katika moyo wa mmea. Acha nafasi kati ya mmea na mmea, upepo upite. Ondoa majani yaliyokufa. Chunguza mmea mgeni kwa majuma kadhaa mbali na mingine kabla ya kuuchanganya. Safisha wembe kwa moto kila mara. Na kila juma tazama chini ya majani, maana adui huanza kule tusikotazama.

Neno jingine ni hili: usiende msituni kung’oa okidi. Misitu yetu imehifadhiwa kwa sheria, na okidi zote zimo katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975. Iliyoanguka na tawi shambani kwenu, ifungeni juu ya mti mwingine wa hapohapo. Iliyo juu, iacheni juu.

Mmea wetu wa barazani ulikaa miezi minne bila kuonyesha neno lolote. Kisha nchani mwake lilitoka jani jipya, dogo kama ulimi wa ndege, kijani kitupu bila doa. Wanafunzi walichora duara la kalamu ubaoni, wakaandika ndani yake tarehe ya siku ile. Masika yaliyofuata ulitoa maua matano meupe kama nyota, kila ua na mkia mrefu mwembamba nyuma yake wenye asali nchani. Mchana hayakuwa na harufu. Jua lilipotua baraza nzima ilinukia, nasi tukamwona nondo mkubwa akija kwa ulimi wake mrefu kunywa asali hiyo. Majani mawili ya chini yangali na makovu yao mpaka leo. Tumeyaacha yawe ukumbusho, hasa kwangu mimi niliyesema, “Ni jua tu.”

Maswali

1. Kwa nini si kweli kwamba okidi hunyonya utomvu wa mti?
2. Eleza kwa nini maji ya jioni yana hatari kuliko maji ya asubuhi.
3. Kuchora duara kulizunguka doa kunatufundisha nini?
4. Taja tofauti tatu kati ya doa la ukungu na doa la bakteria.
5. Kwa nini wembe hupitishwa motoni kabla ya kukata kila jani?
6. Mtu alisema, “Nimetibu mmea wangu lakini alama haijaondoka.” Utamjibu nini?
7. Tafuta jani lenye doa katika bustani ya shule. Lichore juu na chini, uandike tarehe, na baada ya siku tatu lichore tena. Je, doa limesafiri?